Mtandao Upo Ilambo

Mkonze, Dodoma
6 Februari 2025

Kwa Bi Mwanaidi Salimu, Ilambo, Kondoa

Shikamoo mama,

Hatujaonana, na jina langu ni geni kwako. Naitwa Ruthu Ndahani. Ni fundi wa vifaa vya elektroniki katika karakana ndogo hapa Mkonze. Namba yako nilipewa na muuguzi Debora wa zahanati ya kata yenu. Nimekupigia mara sita wiki hii, kila mara naambiwa haipatikani. Nadhani unazima simu kutunza chaji. Nikaona niandike tu, maana hata hivyo nina kifurushi cha kukutumia na basi.

Ndani ya boksi kuna vifaa viwili vya mkononi. Tumevitengeneza kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu kama wewe. Unaandika jina la mjamzito, tarehe uliyomtembelea na hali yake, kifaa kinapeleka taarifa zahanati. Lakini kazi yake kubwa ni kile kitufe chekundu cha ubavuni. Mama akipata shida unabonyeza mara moja, na ujumbe unawafikia dereva wa gari la wagonjwa na zahanati kwa pamoja. Huna haja ya vocha wala ya kutafuta namba ya mtu. Unabonyeza popote ulipo kijijini.

Kwa nje vinafanana kabisa, ila kimoja nimekifunga utepe wa kijani na kingine wa njano. Tofauti yao ni modemu, kile kidude cha ndani kinachozungumza na mnara. Cha kijani kina modemu ya 4G peke yake. Ni ndogo, haili chaji, na mzigo wake uko tayari kiwandani. Cha njano nacho kina 4G, lakini kikiikosa kinashuka hadi 2G, ule mtandao wa zamani unaoandika E kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, na hunasa hata mawimbi hafifu ambayo kitochi chenyewe hakiyapati. Hicho kinakula chaji, na modemu zake lazima tuzisubiri miezi mitano.

Natakiwa nichague moja kwa vifaa mia sita vya Dodoma, Singida na Manyara. Modemu inalehemewa kwenye bodi. Ukishakosea, huwezi kuichomoa kama laini ya simu.

Naomba uvitumie vyote viwili sawasawa kila siku, na utujazie fomu nilizoweka humo, moja kwa kila kijiji kati ya vijiji kumi na viwili vya tarafa yenu. Swali ni moja tu: mtandao upo au haupo. Natakiwa kusaini oda tarehe 28 Machi. Bosi wangu, Denis, anapenda cha kijani. Mimi bado sijaegemea popote.

Wako,
Ruthu


Ilambo, Kondoa
17 Februari 2025

Mwanangu Ruthu,

Marahaba. Na mimi nakupa ya kwetu, assalaam alaykum, uipokee au uiache, haina nauli.

Mzigo umefika. Boksi limebonyea upande mmoja, nadhani kondakta alilikalia njia nzima, ila vifaa ni vizima. Wazee wa hapa wamesema ni redio. Nimewaacha waamini hivyo, vinginevyo kila mmoja atataka kubonyeza.

Fomu zako nimezifanyia kazi. Vijiji vitano nimekwenda mwenyewe kwa miguu, saba nimeuliza watu wao siku ya mnada. Vyote kumi na viwili vimejibu upo. Mwenyekiti mmoja alikasirika hata kuulizwa. Alisema, "Hao wa Dodoma wanadhani sisi tunaishi porini na nyani?" Nikamwambia asinimalizie hasira yake mimi, aweke alama ya vema na kusaini. Kwa hiyo andika huko kwenu kwamba Ilambo na majirani zake mtandao upo.

Jina la kwanza kuingia kwenye vifaa vyako ni la Joha, mke wa mwanangu Mudrick. Ni mimba yake ya kwanza, na huyo atakuwa mjukuu wangu wa kwanza. Anategemea kujifungua mwishoni mwa mwezi wa tatu. Joha ni mwoga. Mama yake mdogo alifia njiani akiwa amebebwa kwenye kitanda cha kamba, na jambo hilo halimtoki kichwani. Nilimwonyesha kitufe chekundu nikamwambia, mkwe wangu, sasa hivi gari linaitwa kwa kidole. Tangu siku hiyo analala.

Cha njano kinakula chaji kweli. Kila siku ya tatu nakipeleka dukani kwa Hashimu kwenye sola, na Hashimu anavyopenda maneno, nikitoka huko jua limeshakuwa kali.

Kuhusu simu yangu, mimi sizimi. Ni wewe tu hukuotea.

Mama yako,
Mwanaidi Salimu


Mkonze, Dodoma
5 Machi 2025

Shikamoo mama,

Ramadhani njema. Asante kwa fomu. Denis alizipitia zote kumi na mbili akasema angependa wafanyakazi wake wa ofisini wawe na mwandiko kama wako.

Nakupa habari za majaribio. Nina watu wanne wenye vifaa kama vyako, na wewe umewashinda wote kwa nidhamu. Taarifa zako zinaingia kila siku saa tano asubuhi, cha kijani na cha njano pamoja, hazipishani hata dakika. Za Penina wa Hombolo zinaingia alfajiri, mchana, jioni, anavyojisikia. Nimemwambia kuna mama mmoja Kondoa anaenda kama kengele ya shule.

Hesabu ilivyo sasa, vifaa vyako vimetoka sare. Nilitegemea huko milimani cha njano kingeshinda, ndiyo maana nilimwomba Debora anitafutie mtu wa kwenu. Kama hata Ilambo ni sare, sina hoja ya kumwambia Denis tusubiri miezi mitano. Kina mama wa mikoa mitatu watakuwa wanasubiri pia. Nakaribia kuchagua cha kijani. Nakuomba siku zilizobaki utumie zaidi hicho, nione kama kinakwama.

Msalimie Joha. Mwambie fundi wa kitufe chake anamsalimu.

Ruthu


Ilambo, Kondoa
12 Machi 2025

Mwanangu Ruthu,

Joha kapokea salamu, kacheka. Tumbo limeshuka, miguu imevimba kidogo, presha nimempima ni nzuri. Kila nikiingia kwake ananiuliza, mama, kile kidude unacho? Namwonyesha, ndipo anaendelea na kazi zake.

Hiyo saa tano unayonisifia ndiyo saa yangu ya kuvijaza. Nikishafagia na kumwona Joha natoka na vifaa vyote kwenye kikapu, na kitochi changu humo humo. Mwezi huu wa mfungo jua linanichapa kisawasawa, lakini kazi niliikubali mwenyewe.

Nina swali moja la ufundi. Toka uliponiomba nitumie zaidi cha kijani, nakijazia nyumbani; nikibonyeza kutuma taarifa kinaandika Inatuma, halafu neno linakaa pale pale. Linakaa mpaka ile saa tano, ndipo kinaandika Imefika. Je, ndivyo kilivyotengenezwa, kwamba kina muda wake wa kutuma? Au mimi ndiye nabonyeza vibaya? Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, nimtoe Joha wasiwasi.

Mama yako,
Mwanaidi Salimu


Mkonze, Dodoma
17 Machi 2025

Shikamoo mama,

Naandika mbio mbio, basi la Kondoa linaondoka na Denis ananiita kikaoni.

Hubonyezi vibaya. Neno Inatuma lisikutishe, kuchelewa kidogo ni kawaida kwa modemu hizi. Ukiona limeandika hivyo ujue kifaa kiko kazini. Subiri tu, usibonyeze tena na tena. Itafika.

Ruthu


Ilambo, Kondoa
23 Machi 2025

Ruthu,

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, Joha alishikwa na uchungu. Wanaume walikuwa msikitini. Nilikuwa naye mimi na mwenzetu Mwajabu wa nyumba za juu. Mambo yalikwenda haraka, na saa nane kasorobo nikaona mtoto ametanguliza mkono. Mimi sina ujuzi wa kumgeuza mtoto aliyekaa hivyo. Nilitoa kifaa cha kijani kwenye kikapu nikabonyeza kitufe chekundu mbele ya macho yake Joha, ili aone.

Kikaandika Inatuma.

Barua yako ilikuwa imefika Alhamisi. Umeniambia nisubiri na nisibonyeze tena. Nikasubiri. Joha aliuliza, mama, wamesikia? Nikamwambia, gari linakuja, tulia. Hilo nimelisema zaidi ya mara moja. Saa tisa kasorobo neno lilikuwa bado ni lile lile. Ndipo Mwajabu akanipigia kelele: "Dada, achana na hilo likitu, nenda jiweni!"

Hujui jiweni ni wapi. Ni lile jiwe kubwa juu ya kijiji. Sote tunapanda pale kufuata mtandao, kama tunavyoshuka mtoni kufuata maji. Mwendo wa dakika ishirini na tano. Nilipanda nikiwa na saumu na miaka yangu hamsini na sita. Nikampigia dereva kwa kitochi, akapokea pale pale, akasema anakuja. Alifika saa kumi na nusu. Hospitali walimtoa mtoto akiwa ameshakufa. Ni wa kiume. Joha yupo hai, wameshamwongeza damu chupa mbili.

Muuguzi aliyetupokea aliniuliza, "Mlikuwa mnasubiri nini muda wote huo?"

Miaka tisa nimefanya kazi hii. Kabla ya kifaa chako, nikiona mkono ningekimbia jiweni moja kwa moja. Nisingekaa.

Cha njano siku hiyo kilikuwa dukani kwa Hashimu kinachajiwa. Jana, baada ya maziko, nilikichukua, nikasimama kizingitini kwa Joha, pale pale niliposimama Ijumaa, nikabonyeza. Baadaye Debora aliniambia kwamba dereva alimpigia dakika hiyo hiyo kuuliza ni nani tena. Nimemwomba radhi. Hilo nakuandikia kwa sababu ulisema unataka kujua tofauti yao.

Sijakupigia simu. Pale jiweni watu wanasubiriana zamu ya kuzungumza, kila neno linasikika na kila mtu, na haya si ya kusikilizwa na watu. Vifaa vyako nimevirudisha vyote viwili humu kwenye boksi. Mto umejaa, pikipiki hazivuki. Sijui mzigo utatoka lini.

Mwanaidi Salimu


Mkonze, Dodoma
29 Machi 2025

Shikamoo mama,

Nimemaliza! Jana nimesaini oda, modemu ya kijani. Kiwanda kinaanza kulehemu Jumatatu, na kabla ya mwisho wa Mei utapata kifaa kipya kabisa, na wenzako wa vijiji vyote kumi na viwili pia. Denis ameninunulia soda.

Toka tarehe 22 sioni taarifa zako. Nadhani umeamua kupumzika kumi la mwisho la Ramadhani, na ni haki yako. Au Joha amejifungua na bibi hana tena muda na sisi? Kama ni hivyo niandikie jina la mtoto. Sikukuu njema kwenu nyote.

Ruthu


Mkonze, Dodoma
3 Aprili 2025

Mama Mwanaidi,

Boksi limefika jana jioni, pamoja na barua ya tarehe 23. Nimeisoma mara nyingi. Pole mama. Pole kwa Joha na Mudrick. Mungu ampokee mtoto. Najua barua yangu ya tarehe 29 itakuwa imeshakufikia, na ningetoa chochote nilicho nacho irudi isisomwe.

Sijamwambia Denis. Nimeingia karakana asubuhi, nikakaa mezani kwangu, nikashindwa kufungua mdomo. Kiwanda kimeshaanza kazi, na saini kwenye oda ni yangu.

Naomba nikuulize jambo, si kwa ubaya. Fomu kumi na mbili, zote zimeandikwa upo. Kama mtandao mnaufuata jiweni, kwa nini hukuandika haupo? Ningeiona haupo moja tu, nisingesaini. Nataka kuelewa tu, mama.

Ruthu


Ilambo, Kondoa
8 Aprili 2025

Ruthu,

Usinipe pole yenye swali la polisi ndani yake.

Umeuliza kwa nini niliandika upo. Niliandika upo kwa sababu upo. Upo jiweni. Nenda kijiji chochote hapa uulize mtandao upo, mtu atakujibu upo, na akiwa mwema atakuonyesha kwa kidole ni wapi. Kuandika haupo ingekuwa uongo, na mimi sijawahi kuisainia serikali wala mtu yeyote uongo. Ungeuliza mtandao umo, umo humu ndani alimolala mzazi, ningekuandikia haumo, na vijiji vyote kumi na viwili vingeandika haumo. Wewe Mgogo, mimi Mrangi, Kiswahili wote tumekikuta shuleni, lakini upo na umo hata mtoto wa darasa la pili anavitofautisha. Uliuliza kama kitu kipo. Hukuuliza kama kinatufikia.

Na mimi nilikuuliza. Tarehe 12 nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba neno linakaa pale pale mpaka saa tano. Ulinijibu nini?

Usidhani natafuta wa kumtwisha ili mimi nipumue. Joha aliniuliza kama wamesikia, na mimi nikamwambia gari linakuja. Yeye hakuahidiwa na fundi wa Dodoma, aliahidiwa na mimi. Sasa hivi akiniona naingia anageukia ukutani. Mudrick anasema ni uchovu. Si uchovu. Naumia, Ruthu. Nimezalisha wake za watu miaka tisa, wa mwanangu nikamwambia atulie.

Huyo Denis mwambie leo. Vifaa mia sita ni wahudumu mia sita, na kila mmoja atasimama mbele ya mtu akisoma Inatuma. Mimi nimepoteza mmoja. Wewe unataka wangapi ndipo ufungue mdomo?

Mwanaidi Salimu


Mkonze, Dodoma
24 Aprili 2025

Mama Mwanaidi,

Shikamoo. Sentensi yako ya tarehe 12 niliisoma. Nilitaka kukwambia ilinipita, lakini haikunipita. Nilisoma neno linakaa mpaka saa tano, likanigusa kidogo, halafu nikafikiria hesabu iliyotoka sare, saini ya tarehe 28 na Denis aliyekuwa ananisubiri kikaoni. Nikaamua ni kuchelewa kwa kawaida. Taarifa zako zilikuwa zinaingia saa ile ile kila siku, simu yako haipatikani, unaniletea barua za karatasi, nami nikayaita hayo nidhamu. Ni kazi yangu kuona vitu kama hivyo. Nisamehe kama unaweza. Joha simwombi chochote, sina uso huo.

Siku niliyopata barua yako nilikwenda kwa Denis na barua zote mkononi. Alizisoma akiwa amesimama. Kisha akasema kijiji kimoja hakitoshi kusimamisha oda, nimletee vingine. Nikapanda basi, nikakodi pikipiki siku nne, Kondoa na upande wa Singida. Kila nilipofika niliuliza, mtandao upo? Upo. Upo wapi? Hapo ndipo walipoanza kunyoosha vidole. Kwingine upo juu ya kichuguu nyuma ya shule, kwingine juu ya mnara wa tanki la maji, na watu wanapanda ngazi kwa zamu. Mzee mmoja alinionyesha msumari kwenye mwembe wake, simu ikitundikwa pale inapokea ujumbe, ukiishusha unakatika. Nimekwenda vijiji kumi na saba. Katika kumi na vinne mtandao haumo ndani ya nyumba yoyote kwa cha kijani. Cha njano kilikamata E ndani au mlangoni katika kumi na viwili kati ya hivyo.

Njia panda ya Ilambo nilifika. Dereva wa pikipiki akauliza, tunapanda? Nikamwambia ageuze. Niliona aibu, mama. Sina maneno mengine ya kuielezea.

Denis ameandika kwa kiwanda na kwa waliotoa fedha. Vifaa mia tatu na kumi vilikuwa vimeshalehemewa. Hivyo vitakwenda Hombolo, Makutupora na kata za mjini, ambako nimepima mwenyewe vyumbani. Vilivyobaki vitakuwa na modemu ya njano na vitatoka mwishoni mwa Septemba. Kazi ya kuchagua na kupima amepewa mwenzangu anaitwa Seth. Mimi nimerudi kwenye meza ya kulehemu. Sikulalamika.

Kwa hiyo mpaka Septemba tarafa yenu haina kitu. Nakurudishia cha njano kile kile cha majaribio, nimekibadilisha betri. Nimefuta neno Inatuma. Sasa kikikosa mtandao kinapiga kelele na kuandika Haijatoka, Kimbia. Ni hicho kimoja tu nilicho nacho.

Ruthu


Ilambo, Kondoa
6 Mei 2025

Mwanangu Ruthu,

Marahaba. Nimekuita mwanangu, umesikia. Siku nyingine ukifika njia panda upande, hatuli watu.

Cha njano nimekipokea lakini sikukaa nacho. Nimempa mhudumu mwenzangu wa kijiji cha bondeni, maana wao kufuata mtandao ni mwendo wa saa nzima na mto katikati. Nimekijaribu nyumbani kwake, kinakamata. Lile neno Kimbia alilipenda, alicheka sana.

Sisi hapa tumefanya hivi. Mpaka Septemba nina wajawazito saba. Nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji nikawaambia yote yaliyotokea Ijumaa ile, na la kwangu nikalisema, kwamba nilikaa saa nzima nasoma kioo. Halafu nikawaambia, mtandao haushuki kwetu, basi wazazi watapanda. Mwajabu ana chumba cha uani alikuwa anaweka mahindi, na nyumba yake ndiyo ya juu kabisa, hatua mia mbili tu kutoka jiweni. Mahindi tumeyahamisha, vijana wamesakafia kwa udongo, wake za wenyeviti wamekandika ukuta. Mwezi wa mwisho kila mama atahamia pale na mtu wake mmoja wa kumhudumia. Waume wengine wamenung'unika kwamba nani atawapikia. Nimewaambia wana mikono.

Wa kwanza alikuwa Nasra, ambaye siku zake zimekaribia. Juzi asubuhi tulikubaliana nimsindikize. Akakataa. Alikaa mlangoni kwake na furushi lake akasema hawezi kwenda kulala nyumba ya mtu kama mgonjwa, na tena kuwa wa kwanza, watu watamhesabia mikosi. Nilimbembeleza mpaka nikachoka, na ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu ya kumwahidi mtu kitu.

Nikamwona Joha anapita. Toka alipotoka hospitali hajawahi kuvuka ua, na kwangu hajasema neno. Alikuwa amebeba godoro kichwani, lile jipya ambalo Mudrick alimnunulia kwa ajili ya uzazi, bado lina nailoni yake. Nikadhani anakwenda kulitupa. Alitupita bila kusalimu, akashika njia ya kupanda. Nasra akamwangalia, akainuka na furushi lake, akamfuata. Nami nikawafuata nyuma.

Tulipofika Joha alichana nailoni, akalitandika chumbani kwa Mwajabu, akalilalia mwenyewe kwanza kuona kama linabonyea. Halafu akatoka nje, akaniomba kitochi changu. Akampigia dereva. Dereva akapokea mlio wa pili.

Akasema, "Sina shida. Nilitaka kusikia kama mnasikia."

Akanirudishia simu mkononi, akaniita mama, akaniuliza tumuachie Nasra kuni au tumletee jioni.

Mama yako,
Mwanaidi Salimu